Pipa Lisilojua Nguruwe

Kabla ya kulitoboa hata tundu moja, Yusufu alilibadilisha jina. Kwa miaka kumi na moja lile lilikuwa pipa tu, pipa la Safiya la kukaushia nyama kwa moshi, limesimama nyuma ya nyumba yao huko Mangobo, Kisangani, na halikuwa limemwomba mtu jina jingine. Asubuhi hiyo Yusufu alitoa kiti, akakiweka mbele ya pipa, akapandisha mguu juu ya mguu, akalitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa asiye na ndugu.

"Mama, hii fumoir yako iko mbaya."

"Hii nini?"

"Fumoir. Wewe unaita pipa, njo maana iko inakuunguzia nyama. Kitu ya technique inaomba mutu ya technique."

Safiya alikuwa anapepeta mchele. Alimtazama mumewe, akaurudia mchele wake. Mtu wa technique! Huyu ndiye yule makanika aliyeamua kuiboresha injini ya mashua ya watu katikati ya mto, abiria sitini na mbuzi wao ndani, wakakwama siku mbili juu ya mchanga karibu na Isangi wakitafuna mihogo mibichi. Mwenye mashua alimfukuza palepale mchangani, hakungoja wafike Kisangani. Tangu siku hiyo, mwaka wa tatu sasa, bwana mkubwa anakaa kwenye kiti, anakula jasho la mkewe, na kila chombo nyumbani kina kasoro isipokuwa kile kiti.

Lakini kuhusu pipa, tuseme ukweli, hakukosea. Moto ulikaa chini, nyama juu, na mafuta yakidondoka kwenye makaa miali ilipanda ikaunguza kila kitu. Safiya aliutawala moto ule kwa majivu, kwa gunia lililolowa, na kwa kugeuzageuza nyama mpaka vidole vikachubuka, na siku nyingi alishinda. Siku ya Maulidi alishindwa. Mama Asha, mwenye duka la vitenge na sauti ya kusikika mitaa miwili, aliinua pande la nyama mbele ya wanawake wote, akalipasua: nje jeusi, ndani damu.

"Safiya, hii ni nyama ao makala?" aliuliza. "Sema tu, tuitie ndani ya pasi, tupige nguo."

Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Safiya naye alicheka, maana angefanya nini?

Sasa Mama Asha alikuwa anamwoza binti yake. Ng'ombe alikuwa ameshanunuliwa Bengamisa, na kwa Waislamu wa Mangobo nyama ya sinia la wakubwa lazima iwe ya moshi, kama mababu walivyoizoea. Angempa nani? Mangobo imejaa mapipa ya moshi, ila yote yanakausha nguruwe. La Safiya peke yake halikuwa linamjua nguruwe. Nyumba zote za Waislamu wa mtaa zilimletea nyama yao kwa sababu hiyo moja, na kwa sababu hiyo hiyo chungu chake hakikukosa kitu. Mama Asha alikuja mwenyewe kumwambia, na kiti alichopewa hakukikalia.

"Nakupa mara moja tu," alisema. "Ikiungua tena, nitaambia wamama wote watafute mutu mwingine. Kuko kijana mumoja wa kwetu, ng'ambo ya mto, anataka kuanza hii kazi. Yeye iko propre."

Alisema neno hilo la mwisho, la usafi, akilitazama pipa, kisha akamtazama Safiya kwa jicho lile lile.

*

Yusufu alifanya kazi siku tano, na kwa siku tano mtaa mzima ulijua kwamba Yusufu anafanya kazi. Moto aliuhamisha. Aliutengenezea sanduku lake la chuma pembeni, akaliunganisha na pipa kwa kipande cha bomba kutoka kwenye injini ya mashua iliyokufa. Kwenye sanduku akatia kilango cha kusukuma: ukikifungua moto unapata hewa, ukikifunga unapoa. Ndani ya pipa akalaza bamba la kupokea mafuta. Juu kabisa akasimamisha bomba la kutolea moshi, lenye kifuniko cha kuzungusha kwa mkono. Kila kipande alikipa hotuba yake.

"Hewa inaingia hapa. Moshi inatoka pale. Mimi niko katikati, nacommander. Unaelewa?"

"Ninaelewa, papa," Safiya alijibu.

"Hauelewi. Lakini si kosa yako."

Kilichobaki kilikuwa wavu wa kulazia nyama. Ule wa zamani ulikuwa wa waya, umelegea katikati. Alhamisi Safiya aliporudi kutoka sokoni alikuta mwingine: nondo nene za kujengea nyumba, zimeungwa vizuri, duara kamili, umekaa ndani ya pipa bila kucheza hata kidogo.

"Hii grille umeitoa wapi?"

"Nimeisouder mwenyewe."

"Na mashine ya nani?"

"Mama. Mambo ya technique. Nikikueleza utaumwa kichwa."

Safiya alijua kwamba mumewe hana mashine ya kuunga chuma, na kwamba umeme wa mtaa haujaonekana tangu Jumatatu. Alijua vizuri kabisa. Lakini alikuwa amechoka, nyama ilikuwa inafika kesho alfajiri, na kubishana na Yusufu ni kazi ya mtu aliyelala vizuri. Akaupangusa wavu kwa kitambaa, akaenda kupika.

*

Basi lazima isemwe, hata kama inauma: mashine ilifanya kazi. Ijumaa yote moto ulikuwa na adabu. Safiya aliweka kiganja karibu na ubavu wa pipa, huku na huku, akakuta joto moja. Nyama ilikauka polepole, ikachukua rangi nyekundu ya udongo wa barabara ya Bengamisa, na mafuta yakajikusanya kwenye bamba bila kumgombeza mtu. Alasiri alipasua pande la katikati: hakuna damu. Akapasua la pembeni: hakuna makaa. Machozi yalimlenga. Miaka kumi na moja ya magunia yaliyolowa na vidole vilivyochubuka, na kumbe dawa ilikuwa kilango cha bati! Alitaka kumsifu mumewe, na angemsifu, kama mwenyewe asingekuwa ameshajisifu tangu asubuhi.

Maana Yusufu alikuwa anawaita wapita njia. "Ingieni, ingieni, muone. Lakini musiguse!" Safiya aliponyoosha mkono kwenye kilango cha hewa, Yusufu aliupiga kidogo, mbele ya watu.

"Wewe tia kuni tu. Réglage, kufungua na kufunga, niachie mimi."

Wanaume wakacheka. Safiya, ambaye mtaa mzima ulimjua kama fundi wa moshi, alitia kuni. Nyama hakuionja, kwa kuwa nyama ya watu haionjwi mpaka iwe kwenye sinia lao. Yusufu aliionja mara nne, kwa ajili ya réglage.

*

Jumamosi asubuhi Micheline alipitia kwenye upenyo wa ua kuomba kaa la moto. Micheline ni jirani, mtu wa Yanonge, na pipa lake yeye ni la nguruwe. Kwa miaka kumi wanawake hao wawili wamekaa vizuri, kila mmoja na moshi wake, wakisaidiana chumvi na maneno.

"Safi, bonjour. Nipe ka moto kidogo, yangu imekufa." Akachungulia ndani ya pipa. "Ee! Mama na ngai! Nyama iko kitoko, muzuri hivi!" Kisha akainama zaidi. "Lakini si grille yangu hii?"

"Ipi?"

"Hii! Angalia huku, hii chuma, hii fer, nilipinda mwenyewe na nyundo. Papa Yusufu alikuja kuniomba hiyo juzi. Alisema ni ya kufunika kisima, watoto wasianguke..." Alimtazama Safiya, akaweka mkono mdomoni. "Safi. Hii grille imefanya nguruwe miaka mine. Jumapili, siku ya Mungu, ilikuwa bado na nguruwe juu yake."

Safiya alitafuta mahali pa kukaa. Palikuwa na kiti cha Yusufu, akakikalia. Mwenye kiti akatoka ndani, mswaki mdomoni, akawakuta wanawake wawili wanamtazama.

"Ulisema umeisouder mwenyewe," Safiya alisema.

Yusufu alitema povu. "Nilitaka kusema nimeichagua mwenyewe."

"Ulijua ilikuwa ya nguruwe?"

"Fer ni fer. Moto imepita juu yake, na moto inasafisha kila kitu. Uliza mutu yoyote ya technique."

"Uliiosha?"

"Nilipiga brosi."

"Papa, uliiosha?"

"Safiya, uko unaniuliza kama juge kwenye kesi! Nani anajua? Mimi, wewe, na Micheline. Micheline, utasema?"

Micheline alikuwa ameshaanza kurudi nyuma. "Mimi? Nzambe! Mambo ya nyama yenu muniache nje." Akapita kwenye upenyo wake bila kaa la moto lililomleta.

"Kwa nini haukuniambia?" Safiya aliuliza.

"Ungekataa," alisema Yusufu, na akarudisha mswaki mdomoni, akaona amejibu.

*

Mama Asha alifika saa tatu na wanawake wawili wenye mabeseni, akawaacha mlangoni. Alikuja mpaka kwenye pipa, akachagua pande, akalipasua, akalinusa. Uso wake ukafunguka. Safiya hakuwa amewahi kuuona umefunguka.

"Safiya! Leo umekuwa mutu."

Hilo ndilo lililokuwa neno lake la sifa. Alikata kidogo kwa kucha, akapeleka mdomoni.

"Mama Asha, usikule."

Mkono ukasimama. Safiya alimweleza yote, wavu, Micheline, kisima cha uongo. Alieleza akitazama miguu ya yule mama, viatu vya dhahabu kwenye majivu yake. Yusufu alijishughulisha na kifuniko cha bomba lake. Mama Asha alikirudisha kile kipande kwenye pipa, akajipangusa vidole kwenye kitenge cha Safiya kilichoanikwa kwenye kamba, kidole kimoja kimoja.

"Nani amesikia?" aliuliza chinichini.

"Sisi. Na jirani."

"Ile ya nguruwe? Haihesabiki." Aligeuka kutazama kama wanawake wa mlangoni wako mbali. "Wageni wametoka Kindu, wametoka Buta. Bwana harusi iko njiani. Sinia ya wakubwa niweke nini? Samaki ya barafu, ile Thomson?"

"Ni watu ya dini, mama."

"Ni watu ya njaa. Pakia."

"Mama Asha..."

"Hii nyama ni ya nani?"

"Ni yako."

"Bon. Aibu ya maiti, aijuaye mwosha. Wewe njo uliosha. Pakia, na ufunge mudomo, na Jumatatu utaona namna wamama watakuletea kazi. Mimi mwenyewe nitawaambia." Kisha akakumbuka. "Na saa ya kula usikose. Sinia ya kwanza ni yako kufungua."

Hiyo ilikuwa desturi yao. Fundi aliyekausha nyama hukaa kwenye sinia la kwanza pamoja na wazee wa kike, akala tonge la mwanzo mbele yao, ndipo wote wajue kwamba kinacholiwa ni safi. Safiya alikuwa amekula tonge hilo miaka kumi na moja bila kulifikiria. Yusufu alikuwa ameshaanza kupakia.

"Nilisema," alikuwa anaimba juu ya beseni. "Nilisema mimi! Fer ni fer."

*

Uwanja wa Mama Asha ulikuwa umefunikwa turubai, na masinia ya wanawake yalipangwa upande wa jikoni. Kwenye sinia la kwanza Safiya aliwekwa karibu na Koko Binti, kikongwe aliyekuwa na pipa kabla yake. Yeye ndiye aliyemfundisha Safiya kuujua moto kwa kiganja, na alipochoka akamrithisha kazi na wateja. Macho ya Koko Binti hayaoni vizuri tena. Aliinama juu ya sinia, akanusa, akacheka kwa meno yake matatu.

"Mutoto yangu, hii moto ulishika namna gani? Mimi sikupata moto ya hivi hata siku moja."

Safiya alimsogezea maji ya kunawa.

Mama Asha akaja, amevaa hariri, marashi yakimtangulia. Akapiga makofi. "Wamama! Ile siku ya Maulidi tulicheka Safiya. Leo tunamuomba pole. Safiya, fungua."

Wanawake waliisogeza mikono yao iliyooshwa. Safiya alichukua pande dogo pamoja na wali. Lilikuwa laini, na harufu yake ilikuwa nzuri kupita nyama yoyote aliyowahi kuitoa kwenye moshi. Angelimeza, basi. Jumatatu mabeseni yangejaa mlangoni, pasi na makaa vingesahaulika, na yule kijana wa ng'ambo angebaki na u-propre wake. Tonge moja tu. Pembeni yake Koko Binti alikuwa ameshafungua mdomo, anangoja zamu yake kama mtoto.

"Onja, mama," Mama Asha alisema, akitabasamu kwa meno tu. "Watu wanangoja."

Safiya alirudisha tonge kwenye sinia.

"Wamama, musikule. Grille yenye ilipika hii nyama ilikuwa ya nguruwe. Bwana yangu aliichukua kwa jirani, hakuniambia, nimejua leo asubuhi. Na nilimwambia Mama Asha kabla haijatoka kwangu."

Mikono yote ikarudi nyuma.

"Uongo!" Mama Asha alipiga kelele. "Uongo kabisa! Iko na wivu ya mutoto yangu! Hamuna nguruwe hapa, hamuna kitu!"

Koko Binti aliuinua uso wake polepole kuelekea ile sauti.

"Hamuna nguruwe?"

"Hamuna, Koko! Wallahi!"

"Bon," kikongwe alisema. "Kula basi. Wewe kwanza, na sisi nyuma yako."

Akalisukuma sinia. Mama Asha aliitazama nyama. Wanawake walimtazama Mama Asha. Mkono wake wenye hina mpya ulitoka kwenye hariri, ukafika nusu ya njia, ukaenda kuweka sawa kilemba ambacho hakikuwa kimepinda. Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Mmoja akasema astaghfirullahi. Mwanamke aliyekaa upande wa kushoto wa Safiya alivuta kitenge chake taratibu, kisigusane na cha Safiya.

Koko Binti alishika mkono wa Safiya, akauminya kwa hasira. "Mara saba," alisema. "Mara saba na maji, na moja ya hizo na udongo. Mungeniletea ile chuma mbele ya kuwasha moto, tungeiosha mbele ya nyumba yangu, na leo watu wangekula. Udongo ya Mangobo, nani anauzisha? Kwa nini bwana yako hakufungua mudomo?"

Watu wa Mama Asha walikuja kuyaondoa masinia, na mtoto mmoja akatumwa mbio sokoni kutafuta samaki wa Thomson kabla vibanda havijafungwa. Bibi harusi, ndani, alisikika akilia.

*

Alirudi kwa miguu. Njiani wanawake wawili aliowajua walimpita kwenye pikipiki, wakageuza nyuso. Habari ilikuwa imeshamtangulia, na ilivyo desturi ya habari, njiani ilikuwa imeokota mengine: kwamba Safiya mwenyewe hula nguruwe, kwamba pipa lake lilikuwa la nguruwe tangu zamani. Jumatatu hakuna beseni litakaloletwa, wala Jumatatu itakayofuata.

Nyuma ya nyumba Yusufu alikuwa kwenye kiti, wanaume watatu wamemzunguka, anawaonyesha kifuniko cha bomba.

"Ah, mama! Umerudi!" Uso wake uling'aa kabisa. "Walisema nini juu ya réglage?"

Safiya alimpita. Aliuchomoa ule wavu ndani ya pipa, akaubeba mpaka kwenye ua, akauegemeza upande wa Micheline. Akachota maji beseni zima. Akachukua jembe, akachimba udongo palepale chini ya mgomba, akaujaza kwenye bakuli la kulia la Yusufu. Wanaume watatu wakaanza kukumbuka shughuli zao, lakini hakuna aliyeondoka.

"Simama," alimwambia mumewe.

"Kuko nini?"

"Simama, Yusufu."

Hakuwa amewahi kumwita jina tupu mbele ya watu. Yusufu akasimama. Safiya akamtia bakuli la udongo mkononi, na burashi juu yake.

"Osha pipa. Mara saba. Ya kwanza na udongo."

"Sasa? Sasa itasaidia nini? Watu si wameshajua?"

"Haitasaidia kitu. Osha."

Yusufu aliwatazama rafiki zake. Rafiki zake walitazama juu, kwenye bomba. Kwa kuwa hakupata msaada huko, akapiga magoti, akaingiza kichwa na mabega ndani ya pipa, akaanza kusugua. Safiya alikivuta kiti, akakaa, akapandisha mguu juu ya mguu.

"Moja," alihesabu, kwa sauti ya kufika kwa Micheline na kupita. "Tumia nguvu, papa. Na chini ya bamba, usisahau. Hii ni kazi ya technique."

Ndani ya pipa Yusufu alisema kitu, lakini hakikusikika. Safiya alimngoja amalize, akamsogezea maji ya mara ya pili.